Slaidi ya Pili

Kanyiva alifuta maneno ya mwisho kwenye slaidi ya pili. Ikabaki picha peke yake: ufa mweusi unaopanda ukutani, na kalamu ya bluu imewekwa kando yake ili upana uonekane. Kalamu ilikuwa nyembamba kuliko ufa.

"Na jina ya mahali?" akauliza Oloo, mhandisi mwenzake ofisini. "Si uandike hapo chini? Ama uweke ile methali, usipoziba ufa."

"Methali wanaijua tangu nasari. Wacha hivyo."

Oloo hakubisha, maana yeye ndiye aliyemfundisha kupunguza maneno. Wiki mbili nyuma Kanyiva alikuwa amesimama mbele ya wenye jengo moja la River Road na slaidi thelathini na nane, kila moja imeshindiliwa majedwali kama gunia la mahindi, akazisoma neno kwa neno huku amewapa mgongo. Kufika slaidi ya tisa Bwana Ndegwa alikuwa anakoroma. Mwishowe Karanja, mwenyekiti, alisema "tutaangalia," na katika mji huu kila mtu anajua maana ya tutaangalia.

Tangu siku hiyo Kanyiva hakupata usingizi wa maana. Chini ya jengo hilo kulikuwa na maduka ya vyuma, juu vyumba vya kupanga, na nguzo zake zilikuwa zimechoka. Alichotaka ni kimoja tu: watu wahamishwe kabla ya wiki kuisha. Jana alikwenda mpaka Muthangari kumwona Karanja nyumbani, kwa sababu wazee wengi hukubali jambo mkutanoni kama wamelisikia kwanza sebuleni kwao. Hakumkuta. Mkewe alimpa chai, wajukuu wakamvuta huku na huku, juu na chini, wakimwonyesha michoro yao, akaondoka jioni bila kumwona mwenyewe.

Sasa ilikuwa saa nne asubuhi, na wenye jengo walikuwa watatu mezani: Karanja, dada yake Mwihaki, na binamu yao Ndegwa. Mwihaki alifungua mkutano kwa sala. Kanyiva aliitikia amina.

"Injinia, leo utatumaliza na slaidi ngapi?" Karanja akauliza.

"Chache, mzee."

Slaidi ya kwanza ilikuwa na tarakimu mbili tu, kubwa, katikati: 61.

"Hawa ni watu wanaolala kwa jengo yenu ya River Road kila usiku," alisema, akiwatazama wao, si ukuta. Akahesabu moyoni hadi tatu, kisha akabonyeza.

Ufa ukajaa ukutani. Ndegwa alikaa wima, jambo ambalo peke yake lilikuwa ushindi. Oloo alikuwa amemwonya Kanyiva kwamba picha ikiongea, wewe funga mdomo, na kufunga mdomo hakujawahi kuwa kazi rahisi kwake.

"Hii ni floor gani?" Mwihaki akauliza.

"Ya juu, mama."

"Na kuna watu wanalala hapo?"

"Watatu. Kitanda imesukumwa kwa huo ukuta."

"Ngai!" Mwihaki akashika shavu.

"Usitishwe na picha," Karanja akasema. "Hiyo ni plasta tu imepasuka. Fundi alikuwa Wambua, na ni yeye alinijengea hata kwangu. Miaka kumi na mbili, sijaona shida. Mimi mwenyewe ningelala hapo, na nikorome kushinda Ndegwa."

Ndegwa alicheka kwa adabu. Simu ya Karanja ikatetemeka mezani, akaisoma, akatikisa kichwa.

"Huyu bibi yangu naye. Tangu jana anahamisha vitu kwa nyumba. Nikimuuliza, ati nitaelezewa."

"Wamama," Ndegwa akasema.

Kanyiva alitamani kusema, aseme yote kwa mkupuo, nguzo, mvua inayokuja, vipimo vyote vya zile slaidi thelathini na nane. Akauma ulimi.

"Karanja, fikiria kidogo," Mwihaki akasema. "Kama hapo ndani kuna watoto je?"

"Watoto wana wenyewe, Mwihaki. Kila mtu aangalie wake. Sisi tukianza kuhamisha watu juu ya kila crack, si tutafunga hiyo jengo?" Akamgeukia binamu yake. "Andika kwa minutes: hakuna mtu anahama. Plasta tutapaka Disemba."

Kalamu ya Ndegwa ilikwaruza karatasi. Mwihaki alitazama mikono yake. Alikuwa dada mdogo, na katika familia ile dada mdogo hapingi mara mbili.

Hasira ilimpanda Kanyiva mpaka masikioni. Aliwaza wale sitini na mmoja, wengine wakiwa saa hiyo wamelala baada ya zamu ya usiku, viatu vyao mlangoni. Alingoja Ndegwa amalize kuandika na kuweka nukta.

"Kwa hivyo huo ndio uamuzi, mzee? Hii ni salama, watu walale?"

"Nimesema walale. Ama unataka niimbe?"

"Hapana, mzee," alisema. "River Road iko kwa slaidi inayofuata. Hii niliipiga jana kwako Muthangari, nyuma ya kitanda ya wajukuu wako."