Ushahidi wa Nungunungu

Zamani wanyama walipokuwa wakiajiriana, Nungunungu alikuwa mhudumu kwenye mgahawa wa Fisi. Kila mteja alipomaliza nyama yake, Fisi alinyofoa mwiba mmoja mgongoni mwa Nungunungu, akampa mteja achokonolee meno. Nungunungu akachoka, akamburuta bosi wake mahakamani, na akashinda.

Tangu siku hiyo hakuna mwajiri aliyemtaka. "Nafasi imeshajaa," walimwambia kwa kuogopa kushtakiwa, ilhali tangazo la kazi mlangoni halijakauka gundi.

Alipofika kwa Mama Bweha, mwenye bucha, akaulizwa, "Wewe si yule aliyemshtaki Fisi?"

"Hapana, mama! Yule ni binamu yangu, mkorofi sana. Mimi sijawahi kushtaki hata kiroboto."

"Basi hunifai," akasema Mama Bweha. "Fisi ananidokolea nyama kila siku. Nilimtaka huyo mkorofi awe mlinzi, maana Fisi akimwona tu hutimua mbio."

Nungunungu akabadili kauli. "Mama, kusema kweli, ni mimi."

"Sasa hivi umesema si wewe! Nitaaminije?"

Nungunungu akageuka. Mgongo ulikuwa na upara kutoka mabegani hadi mkiani.

"Ni wewe kabisa!" akashangilia Mama Bweha. "Unaanza kesho."

"Nashukuru. Ila kwanza tuandikiane mkataba kwamba miiba yangu iliyobaki haiguswi."

Mama Bweha, ambaye tangu asubuhi alikuwa na kipande cha nyama kimemnasa kwenye jino, akafumba mdomo taratibu.