Glavu za Kampuni

Suhail aliusukuma mlango wa ofisi kwa bega, mikono imo mifukoni mwa koti, akasimama mbele ya Bi Shemsa.

"Shikamoo, mama."

Salamu bila mkono! Bi Shemsa, mwalimu mstaafu wa mtaa wa Acocks Green hapa Birmingham, hakuitikia. Amezaliwa Unguja, anajua kijana aliyelelewa humsalimu vipi mtu mzima.

"Unamwona, Derrick?" alimwambia mwenye kampuni ya utalii. "Jeuri tupu."

Miaka ishirini alimwomba Mungu amfikishe Peru, akaone magofu ya Wainka juu milimani. Siku ya nne ya kupanda, magofu yenyewe hayo mbele ya macho, Suhail, kiongozi wa msafara, akamgeuza kwa nguvu. Eti theluji inakuja! Bi Shemsa alivua glavu zake apige japo picha moja. Upepo ukazibeba, na Suhail akamfokea mbele ya watu kama mtoto mdogo. Kisha dhoruba ikawafunika, akazimia. Alizindukia bondeni, juu ya farasi, amevishwa glavu kubwa za kampuni. Suhail hakuja hata kumjulia hali. Alibaki huko wiki sita, akijistarehesha bila shaka, amerudi Birmingham jana tu.

Leo Bi Shemsa alitaka jambo moja: afukuzwe. Na glavu za watu alikuja nazo, zipo mapajani, maana yeye si mwizi.

"Zilibaki hatua mia mbili!" alisema. "Umeninyima kitu ambacho sitakipata tena. Una la kusema?"

"Ungekufa, mama."

"Kufa ni kwa Mungu! Na toa mikono mifukoni unapozungumza na mimi!"

Suhail aliinamisha macho. Chai aliyowekewa ilikuwa imepoa, hajaigusa.

Derrick alishusha pumzi, akasogeza karatasi na kalamu. "Pole, bro. Sign hapo kwamba umeacha kazi, tumalize hii maneno."

"Siwezi."

"Kiburi hicho!" Bi Shemsa aliinuka kwa hasira, akamtupia glavu kifuani. "Chukueni takataka zenu! Tia sahihi!"

Glavu zilianguka sakafuni, Suhail hakuzidaka. Taratibu akaitoa mikono mifukoni. Wa kulia ulibaki na kidole gumba pekee, wa kushoto haukubaki na hata kimoja.

"Kaa nazo tu, mama," alisema. "Mimi sizihitaji tena."