Ukuta wa Lushinge

Tangu jineri ya zamani, kiwanda cha kuchambulia pamba, igeuzwe nyumba za kupanga, kila chumba kina ukuta unaoongea. Kuta zile zilinyonya maneno ya wachambua pamba miaka yote, na sasa ukizisugua kwa kiganja zinayatoa. Ila kila zikisikilizwa, sauti inapungua.

Nyamizi alipewa chumba ambamo marehemu mumewe, Lushinge, alikuwa akiendesha mashine. Siku ya kwanza alisugua, na Lushinge akafoka, "Nyie wanawake wa magunia, hiyo chai yangu mnayoipiga mafunda, nawaona!" Kikafuata kile kicheko chake cha kukwaruza.

Mwingine angejifungia naye. Nyamizi akaita mtaa mzima. Kila alasiri ikawa chai, mihogo ya kukaanga, na Lushinge.

"Shoga, utammaliza," nilimwonya.

"Lushinge alikuwa mtu wa watu. Nimfiche kama sukari?"

Basi tukaja, tukaleta na wageni wetu. Mwezi uliopita kicheko kilikatika. Juzi lilibaki neno "chai" tu. Jana tulisikia kiganja cha Nyamizi kikikwaruza saruji, basi.

Leo katuita tena. Kamimina chai, kasugua ukuta, kainamisha kichwa kusikiliza. Halafu akacheka mwenyewe, machozi yakimdondokea kwenye kanga.

"Mmemsikia? Leo kachangamka kweli!"

Tukatazamana.

"Tumemsikia, shoga," nikamjibu. "Katusema tena kwa ile chai."

Tukacheka chumba kizima, pale pale alipozoea kucheka Lushinge.