Kizingiti cha Irma

Nakiete alifika mji ule wa ugenini kusoma lugha kwa miezi mitatu ya joto, akapanga chumba kwa mjane aitwaye Irma. Kila alasiri alirudi kutoka darasani kichwa kinamgonga, akaukuta mlango wa nyumba wazi, lakini akasimama nje.

"Hodi!"

Irma alimtazama tu, akarudi kwenye sufuria zake. Nakiete alingoja kukaribishwa hadi miguu ikamuuma, kisha akaingia kama mwizi.

Wiki ya tatu alichoka. Alipita bila hodi, akajitupa kitandani na viatu vyake, hata mlango wa chumba hakuufunga.

Alipoamka, Irma alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la supu.

"Odi," alisema, taratibu, kama mtu aliyekwisha kusema mara nyingi.

Supu ilikuwa imeshapoa, na kandambili alizovaa Irma zilikuwa bado upande wa nje wa kizingiti.