Gunia Nyuma ya Kuni

Sheria iliruhusu kila nyumba kuweka chakula cha wiki moja tu. Kingine kililetwa na ndege isiyo na rubani. Lakini Tumwitike Sanga, mkulima wa Makete, alikausha majani ya maboga na maharage, akajaza magunia na kuyaficha nyuma ya kuni, kwa sababu kipupwe kilikuwa kinakaribia.

Asubuhi moja afisa wa mgawo aliingia jikoni, akaenda moja kwa moja kwenye kuni. Hakupekua mahali pengine popote.

"Mama, huu ni ulimbikizaji."

"Ulimbikizaji? Nimelima mwenyewe, nimekausha mwenyewe! Kipupwe kilichopita ndege yenu ilipotelea kwenye ukungu, wanangu wakalala na njaa. Wewe ulikuwa wapi?"

Afisa alibeba magunia yote, na pale mlangoni akampa mkono Ezekia, mume wa Tumwitike. "Asante kwa ushirikiano, baba."

Tumwitike alimgeukia mumewe. "Kumbe ni wewe?"

"Wangetukatia mgawo, mama Neema. Niliogopa."

"Uliogopa afisa! Wanao watakapokulilia njaa, hutaogopa?"

Ezekia aliinama, akaanza kuzipanga upya kuni.

Mchana Tumwitike alitoka shambani na maboga yaliyobaki, akaanza kuyakatakata uani na kuyaanika mbele ya kila mpita njia. Ezekia alisogea taratibu, akanyoosha mkono achukue kisu amsaidie. Tumwitike akakivuta kwake.

"Wewe kaa pale," alisema. "Kaa mahali ninapokuona."