Kiputo cha Watu Watatu

Verna hakuwahi kusema uongo maishani, ukiacha ule wa umri na ule wa kilo.

Makumbusho ya watoto ya mji wa Duluth, Marekani, yalikuwa yamekaribisha familia za mama wawili na za baba wawili. Verna alijibanza nyuma ya nguzo. Harusi ya binti yake na mpenzi wake wa kike aliisusia. Mjukuu wake, Verna alikuwa hajawahi kumpakata.

Mhudumu akainua duara kubwa lililochovywa kwenye maji ya sabuni. Kiputo kikawafunika mjukuu huyo na mama zake wawili, rangi zikielea polepole kama usingizi.

Verna akajikuta ameshafika mbele yao, kidole mbele. Kiputo kikapasuka.

“Bibi, una mtu wako hapa?” mhudumu akauliza.

“Sina, mwanangu. Napita tu.”

Mtoto akamkodolea macho. “Mama, si ndiye bibi wa kwenye picha yetu?”