Maji ya Injini

Kwamboka aliushika mwanzi kwa mikono miwili, akasita.

Ulikuwa mwanzi uliopasuliwa katikati, unaoteremsha maji kutoka chemchemi ya shambani mwake hadi kwenye pipa la kupozea injini ya mashine ya kusagia mahindi. Aliyeutega ni marehemu mumewe. Haukugharimu chochote wala haukupiga kelele.

Matanga yalipoisha, shemeji yake aliitwaa mashine. "Mashine ni mambo ya wanaume," alimwambia mbele ya wazee wa kijiji chao cha Manga. "Wewe baki na migomba yako." Wazee waliafiki. Hakuna aliyeuliza chemchemi iko shambani mwa nani.

Aliugeuza mwanzi. Maji yakamwagikia migombani.

Kule chini injini iliendelea kunguruma. Hatimaye shemeji alitokeza mlangoni, uso mweupe kwa unga.

"Shemeji, mbona maji hayaji?"

"Majani yameziba, nayatoa," Kwamboka alijibu, vidole vikimfa ganzi kwa baridi. "Wewe endelea kusaga, watu wanangoja."

Shemeji alirudi ndani. Kwamboka aliketi migombani, miguu majini, akaisikiliza injini ikianza kubadilisha sauti.